Maboga, viazi na maembe ya Desemba: mwongozo kamili wa kutumia mavuno ya msimu mpaka ganda

Mvua ya pili inapoanza kukatika, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Januari, kando ya barabara inayopita Lumino kwenda Busia, mashariki mwa Uganda, maboga hupangwa kama mawe ya mpaka. Bei huanguka kwa sababu kila shamba limeiva wiki ile ile. Viazi vitamu vilivyopandwa Septemba vinafuata, na upande wa Teso maembe ya msimu mdogo yanajiangukia chini ya miti. Mwezi wa tatu ukifika, mtu yule yule aliyeuza boga kwa bei ya kutupa anakopa unga wa ngano dukani.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mavuno hayo mkononi, yawe yametoka shambani kwake au ni gunia alilonunua sokoni bei ikiwa chini. Jambo ambalo wengi wanaliruka ni kuchambua. Watu hukimbilia mapishi, wakati siku ya mavuno ndiyo inayoamua kila kitu: lipi litakaa zima, lipi litakaushwa, lipi lazima liliwe leo. Ukishajua hilo, mapishi yanajipanga yenyewe.

Neno kuhusu kalenda. Kusini na kando ya Ziwa Victoria tuna mvua mbili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo kazi hii hurudi tena Juni na Julai. Kaskazini, kule Lira na Gulu, mvua ni moja ndefu, na kiangazi chao cha Desemba hadi Februari ni kikavu kweli kweli. Kwa kukausha chakula, wao wametuzidi. Sisi wa karibu na ziwa tunaanika huku jicho moja liko mawinguni.

Mafungu matatu

Tandaza mavuno yote kivulini, juu ya turubai au majani makavu, kisha yatenge hivi.

Fungu la kwanza ni mazima yasiyo na jeraha. Haya ndiyo ya kuhifadhi bila kuyakata. Usiyaoshe, maji yanayobaki kwenye mikunjo ya ganda ndiyo yanayoanzisha kuoza. Udongo ukikauka, futa kwa kitambaa.

Fungu la pili ni yaliyojeruhiwa leo: kiazi kilichokatwa na jembe, boga lililovunjika kikonyo, embe lililoanguka na kupasuka upande mmoja. Haya hayana ugonjwa, yana haraka tu. Yanapikwa au kukaushwa leo, au kesho asubuhi kabla jua halijapanda.

Fungu la tatu ni yenye ugonjwa. Kiazi chenye vijishimo vya fukusi na harufu kali hakifai hata kikikatwa sehemu mbovu, kwa sababu kiazi kinaposhambuliwa hutengeneza kemikali chungu zinazosambaa ndani yake. Mtu yeyote aliyewahi kula kiazi cha namna hiyo anaujua ule uchungu ambao chumvi haiuondoi. Usikiache shambani, kwani fukusi atakua humo na kuhamia kwenye mashina mapya. Kifukie chini sana au kichome.

Wengi wanakosea kwenye fungu la pili. Wanaona kiazi kimekatwa kidogo tu, wanakirudisha guniani pamoja na vizima, na baada ya wiki gunia zima linanuka. Mtu akikwambia "hicho kidogo hakina neno", mwache apike hicho kidogo jioni hiyo hiyo.

Boga zima: kulikomaza na kulihifadhi

Boga la kuhifadhi lazima liwe limekomaa shambani. Dalili ni tatu: kikonyo kimekauka na kuwa kigumu kama gome, rangi imepoteza ule mng'ao wa ujana, na ukucha ukiukandamiza kwenye ganda hauingii. Ukucha ukiingia, hilo ni boga la kula wiki hii.

Likate kwa kisu na uache kikonyo cha urefu wa vidole vinne hivi. Usilibebe kwa kikonyo. Kikichomoka, kinaacha mlango wazi wa kuozea, na boga hilo linahamia fungu la pili.

Kisha likaushwe ganda. Liweke mahali pakavu penye joto na hewa, juani kwa siku kama saba hadi kumi, ukiligeuza na kulifunika au kuliingiza ndani usiku na mvua inapotishia. Ganda linakuwa gumu zaidi na mikwaruzo midogo inajifunga. Baada ya hapo lipange juu ya mbao au kichanja chenye nyasi kavu, lisigusane na jirani yake, lisikae sakafuni kwenye saruji inayovuta unyevu, na lisikae chini ya mahali kuku wanapolala. Pita kila wiki ukiyabonyeza chini. Palipolainika, litoe siku hiyo hiyo. Boga lililotunzwa hivi hukaa miezi miwili hadi mitatu hata kwa joto letu, na mengine hupita hapo.

Onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha: boga likiwa chungu, usilile. Kabla ya kupika boga la mbegu usizozijua, hasa lililoota lenyewe jalalani, onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi na ukiteme. Uchungu mkali ni sumu ya asili ya jamii ya maboga, na kupika hakuiondoi.

Nyama ya boga: pika kwa mvuke, halafu fanya unachotaka

Boga la kuchemsha majini ndilo lililowafanya watoto wengi walichukie. Limelowa, halina ladha, na utamu wake umebaki kwenye maji yanayomwagwa. Baganda wanalijua hili zamani: nsujju huwekwa juu ya matooke, ndani ya majani ya migomba, ikaiva kwa mvuke.

Kata boga vipande vikubwa pamoja na ganda lake, toa mbegu na uzi wake, weka kando. Chini ya sufuria panga vijiti au mabua ya majani ya mgomba, mimina maji yasifike kwenye chakula, tandika majani ya mgomba yaliyolainishwa motoni, weka vipande ganda likiwa chini, funika kwa majani mengine na mfuniko. Sigiri yenye makaa ya wastani italimaliza kwa dakika 40 hadi 60. Likiiva, kwangua nyama kwa kijiko na uiponde. Ikiwa na maji mengi, iweke kwenye kitambaa safi na uikamue taratibu. Rojo hili ndilo msingi wa karibu kila kitu kinachofuata, na hukaa siku moja tu bila friji, basi usiponde zaidi ya unachohitaji.

Chapati za boga. Kwa chapati nane hivi: vikombe vitatu vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha rojo lililopoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mezani vya mafuta. Changanya unga na chumvi, pekecha mafuta kwa vidole, kisha tia rojo na ukande kabla ya kutia tone lolote la maji. Hapa ndipo watu huharibu. Rojo lina maji yake, na yanatoka polepole unapokanda, kwa hiyo unga unaoonekana mkavu dakika ya kwanza unakuwa laini dakika ya tano. Ukiwa bado unachanika baada ya kukanda sana, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Funika dakika 30, gawa madonge, sukuma, paka mafuta, kunja, acha yapumzike kidogo, sukuma tena na choma. Tumia moto mdogo kuliko wa chapati ya kawaida, kwa sababu sukari ya boga inaungua upesi na kuacha madoa meusi huku katikati hakujaiva. Ukikaanga mayai na nyanya ukakunja ndani, una rolex ya rangi ya dhahabu, na kibandani wateja huuliza umetia nini.

Mandazi ni njia ile ile, ila punguza sukari. Boga lililoiva vizuri tayari ni tamu. Kwa nusu kilo ya unga, kikombe kimoja cha rojo, vijiko vitatu vya sukari, kijiko kimoja cha chai na nusu cha hamira, hiliki kidogo. Acha uumuke mpaka uwe maradufu.

Uji. Vikombe vinne vya maji, vijiko vinne vya mezani vya unga wa ulezi uliokorogwa kwa maji baridi, na ukishachemka na kuiva unatia kikombe cha rojo na kijiko cha siagi ya karanga. Karanga si urembo. Rangi ya chungwa ya boga ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwili huichukua vizuri zaidi pakiwa na mafuta kidogo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, uji huu uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni ukikiinamisha. Uji mwepesi hujaza tumbo bila kumlisha.

Katogo pia linakubali boga, badala ya nusu ya matooke, pamoja na maharage au matumbo. Litie mwisho, dakika kumi na tano kabla ya kuepua, la sivyo litayeyuka lote.

Unga wa boga

Unga huu ndio unaovuka nao hadi Machi, na ndiyo njia ya kuokoa maboga ya fungu la pili. Jua kwanza kwamba boga ni maji karibu asilimia 90. Kilo kumi za nyama zitakupa kama kilo moja ya vipande vikavu. Kwa hiyo usikaushe boga zima linaloweza kukaa kichanjani lenyewe, kausha lililojeruhiwa.

1. Menya, kata vipande vyembamba vya milimita tatu hadi tano, vyote unene mmoja. Vikitofautiana, vyembamba vinaungua na vinene vinaota ukungu.

2. Vipitishe kwenye mvuke dakika mbili hadi tatu, visiive, vibadilike rangi tu na kulainika kidogo. Hii inazuia unga kufifia rangi na kupata harufu ya nyasi.

3. Vitandaze tabaka moja juu ya kichanja chenye wavu au kitambaa safi, usawa wa kiuno, mahali upepo unapopita. Usianike chini, wala juu ya lami kama wanavyofanya watu na mihogo. Vumbi na mbuzi ni shida moja, fangasi wa udongoni ni nyingine.

4. Funika kwa kitambaa chepesi. Jua kali la moja kwa moja linaua ile rangi, na rangi ndiyo tunayoitafuta. Kinachokausha ni joto na upepo. Jua lenyewe si lazima.

5. Geuza mara mbili kwa siku. Jioni ingiza ndani, kwa maana umande wa usiku mmoja unafuta kazi ya siku nzima.

6. Siku mbili hadi nne zinatosha kiangazini. Kipande kikavu kinakatika kwa mlio. Kikipinda bila kukatika, kirudishe.

7. Acha vipoe kabisa ndipo ufunge. Vikifungwa vingali na joto vinatoa jasho ndani ya chombo.

Hifadhi vipande vizima kwenye mtungi au ndoo yenye mfuniko wa kubana, gizani, na utwange kidogo kidogo kwa kinu kadiri ya mahitaji ya wiki mbili. Chekecha. Unga huu hauna ule mnato wa ngano, basi kwenye mandazi au chapati usivuke robo ya unga wote. Kwenye uji na supu tia kiasi unachopenda. Kwangu mimi sehemu yake bora ni mchuzi: kijiko kimoja cha mezani kwenye mchuzi wa mukene kinaupa uzito na kupunguza ukali wa dagaa hao kwa watoto.

Mbegu na majani

Mbegu zitoe pamoja na uzi wake, zitie majini, zisugue kwa viganja. Mbegu nyingi zitaelea na uzi mwingi utazama. Osha, chuja, anika siku mbili. Kwa kutafuna, loweka kwanza kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, kausha, halafu kaanga kwenye karai kavu kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha. Zikianza kuruka na kupasuka, zimebakiza dakika chache. Ziepue kabla hazijawa kahawia, maana zinaendelea kuiva zikiwa nje ya moto.

Mbegu kavu zilizokaangwa kidogo na kutwangwa hufanya kazi yote ya karanga kwenye mchuzi. Twanga, chekecha ganda, koroga kikombe kimoja cha unga huo na maji ya uvuguvugu mpaka uwe kama maziwa mazito, mimina kwenye mboga iliyokwisha kuiva, moto mdogo, bila mfuniko kwa sababu hufurika ghafla. Usitwange za mwezi mzima. Mbegu zina mafuta mengi, na unga wake huchacha. Zikiwa na ganda lake hukaa.

Za kupanda zitoke kwenye boga lililokomaa kupita yote, zikaushwe kivulini, na zisiguswe na moto. Nyuki hawajui mipaka ya mashamba, kwa hiyo kama jirani amepanda aina nyingine, mbegu zako huenda zikazaa boga usilolitambua.

Majani, ambayo Baganda huyaita essunsa na Waluhya seveve, huchumwa machanga, ncha ya shina linalotambaa na majani mawili matatu yanayoifuata. Chuma kwa kiasi na usubiri maboga yashike kwanza. Mmea uliochumwa sana hauzai. Kazi kubwa ni kuyamenya. Shika kikonyo, kivunje kuelekea mgongo wa jani, vuta, na nyuzi zitafuatana nacho mpaka jani. Bibi wa kijijini atafanya fungu zima huku anakuuliza habari za nyumbani. Mgeni atakaa na majani matano. Bila kumenya utakula kitu kinachokwaruza koo.

Osha, katakata, chemsha kwa maji kidogo na chumvi mpaka yalainike, kisha tia maziwa au odii, ile siagi ya karanga na simsim ya Waacholi na Walango. Maua nayo yanaliwa. Chagua yale ya kiume, yenye kikonyo kirefu chembamba na yasiyo na kijiboga chini yake, asubuhi yakiwa wazi, na ubakize mengine kwa ajili ya nyuki. Toa kile kijiti cha ndani, tia mbogani dakika mbili za mwisho.

Viazi vitamu, na somo la Teso

Kiazi kizima kina ghala moja rahisi ambalo ni ardhi yenyewe. Badala ya kung'oa shamba lote, chimba kwa kijiti vile vikubwa unavyohitaji na uache vingine. Lakini angalia nyufa. Fukusi hafiki kwenye kiazi kwa kuchimba. Anapita kwenye ufa wa udongo uliokauka. Kila ukitoa kiazi, rudishia udongo na kandamiza, na kiangazi kikianza zungukia matuta yote ukifunika nyufa. Nusu saa ya jembe hapo inaokoa magunia. Hata hivyo, kiangazi kikiwa kirefu, fukusi hushinda, na hapo ndipo Waiteso wanapotufundisha.

Wao hukausha kwa namna mbili. Amukeke ni viazi vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Inginyo ni viazi vilivyopondwa vipande vipande na kuanikwa, baadaye husagwa unga pamoja na mtama, ulezi au muhogo ili kupika atapa, yaani ugali wao. Kule miamba mikubwa ya mawe iko kila mahali, na hutumika kama uwanja wa kuanikia kwa sababu hushika joto. Usipokuwa na mwamba, tumia kichanja kile kile cha maboga.

Kwa amukeke, vuna viazi asubuhi, osha udongo, menya, kata unene wa milimita tatu hadi nne. Anika saa hiyo hiyo. Vikikaa kwenye beseni hadi mchana vinabadilika rangi. Siku ya kwanza ndiyo muhimu. Mvua ikinyesha siku ya kwanza, vipike, usijaribu kuvikausha tena. Kiazi hakina maji mengi kama boga, na kilo kumi za vilivyomenywa hutoa kama kilo tatu. Vikikatika kwa mlio, vimefika.

Wadudu ndio adui wa ghala. Gunia la kawaida halitoshi, kwani ukirudi baada ya miezi mitatu unakuta vumbi. Tumia gunia lisilopitisha hewa, lile la mifuko ya plastiki ya ndani inayofungwa kila mmoja peke yake, au pipa linalobana. Ukikosa vyote, toa na uanike tena kila baada ya wiki chache. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa njano, usipepete na kuchagua. Tupa lote lililogusana nao, na usiwape kuku, maana sumu ya ukungu haionekani na haiishi kwa kupikwa.

Kupika amukeke: loweka nusu saa, mwaga maji, chemsha na maharage au kunde zilizokaribia kuiva, na mwisho tia siagi ya karanga. Ukiongeza maji ya ukwaju unapata ule uchachu unaoukata utamu wa kiazi. Kwa mtazamo wangu bila ukwaju chakula hiki hakijakamilika, ingawa najua nyumba nyingi za Soroti wanakula na maziwa tu na hawaoni pungufu.

Viazi vya rangi ya chungwa vinahitaji uangalifu wa pekee. Aina za Kabode na Vita zilitoka kituo cha utafiti cha Namulonge mwaka 2007, na Robert Mwanga, Mganda aliyezifanyia kazi, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Thamani yake kubwa iko kwenye vitamini A, na hiyo hupotea kwa mwanga na kwa kukaa ghalani. Vianike chini ya kitambaa, na uvile kabla ya vyeupe. Vikishafifia vimekuwa viazi vya kawaida.

Visivyokaushwa vinatoa juisi nzuri pia. Chemsha viwili vikubwa pamoja na ganda, menya, ponda laini, changanya na lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupoa, chuja, tia maji ya matunda sita ya pasheni na sukari kidogo. Inywe siku hiyo.

Maembe, kwa kifupi

Kiwanda cha matunda cha Soroti kilifunguliwa mwaka 2019, lakini embe lililoangushwa na upepo chini ya mti wako haliendi kiwandani. Mabichi yaliyoanguka yanafaa achari. Kwa kilo moja ya vipande vyenye ganda, tia vijiko vinne vya mezani vya chumvi, acha siku moja, chuja maji, anika saa chache mpaka juu pakauke. Pasha kikombe kimoja cha mafuta, kaanga humo haradali, uwatu, bizari na pilipili, yaache yapoe, changanya, shindilia kwenye chupa iliyochemshwa na kukauka. Mafuta yafunike vipande. Kijiko chenye maji kikiingia humo, achari imekwisha.

Yaliyoiva lakini yangali magumu yanakaushwa: vipande vya milimita sita hadi nane, dakika kumi kwenye maji ya limau, kisha kichanjani siku mbili tatu mpaka viwe kama ngozi laini isiyonata. Yenye funza wa nzi wa matunda yazike au yafunge kwenye mfuko mweusi juani, kwani yakiachwa chini ya mti ndiyo mbegu ya nzi wa msimu ujao.

Kinachobaki, na kuuza

Maganda ya viazi na maboga yaliyo safi wape mbuzi na nguruwe, mabichi kidogo kidogo au makavu. Marando ya viazi chagua ya kupanda kwanza, mita chache zenye afya zikae mahali penye unyevu hadi mvua ya Machi, yaliyobaki ni lishe.

Ukitaka kuuza, usianze na unga. Mbegu zilizokaangwa na mandazi ya boga vinauzika kesho asubuhi kwenye kituo cha boda boda, mtaji ni makaa na mafuta, na unajua jioni ile ile kama umepata au umekosa. Unga na vipande vikavu ni biashara ya pili: vinataka mzani, mifuko inayofungwa vizuri, tarehe ya kutengenezwa, na maduka makubwa yatakuuliza alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Gharama hiyo ni nzito kwa mtu mmoja mwenye kichanja kimoja, kwa hiyo waliofika huko mara nyingi ni kikundi, akina mama kumi au kumi na tano wanaokausha kila mmoja kwake na kusaga pamoja. Kubalianeni mapema unene wa kukata na kipimo cha ukavu, na mmoja wenu apewe kazi ya kuvunja kipande kutoka kila gunia kabla halijapokelewa. Gunia moja lenye unyevu linatosha kuharibu mtungi wote wa unga, na mteja harudi kuuliza lilikuwa la nani.